Dohani ya Kinyozi

Wako watu wakisema uongo wanausema kwa mdomo, ukishapita umepita. Kinyozi wetu yeye wake aliujenga. Aliujenga kwa mbao na saruji, akaupandisha juu ya paa, akaupaka rangi ya matofali ili wapita njia wauone. Na uongo wa kujengwa una taabu zake jamani, maana kila asubuhi ukifunga mlango kwenda kazini, ukigeuka uko palepale unakutazama.

Mambo yalianza wakati anamalizia nyumba. Mji wao ni wa baridi, baridi ile inayoingia kwenye magoti ikahamia moja kwa moja, na nyumba za wenye nafasi, kule mtaa wa juu, zilikuwa na meko ya kuotea moto sebuleni na dohani juu ya paa, lile bomba pana la matofali la kutolea moshi. Kinyozi alikuwa anawanyoa wenye nyumba hizo. Aliwasikia wakipiga soga chini ya mashine: jana tulikaa mbele ya moto, jana mtoto kapitiwa na usingizi kwenye zulia mbele ya moto. Na yeye akatamani. Lakini alipouliza, akaambiwa dohani ya kweli inaanzia kwenye msingi, na msingi wake ulishafukiwa zamani, ingebidi ukuta uvunjwe. Fundi wa paa, mtu wa kupenda kumaliza kazi akaoge, akamwambia, "Kama unataka ya kuonekana tu, hiyo nakuwekea leoleo." Akaunda kasha la mbao, akalizungushia wavu wa waya, akalipiga lipu, akachora mistari ya matofali kwa ncha ya msumari. Ukisimama barabarani ungeapa ni matofali. Chini yake hakuna kitu, ni bati tupu.

"Sasa hiyo ya nini?" mkewe aliuliza, kashika kiuno uani.

"Inaipa nyumba sura."

"Na mtu akiuliza moto uko wapi?"

"Nani atauliza?"

Waliuliza wote. Wewe mtu ni kinyozi, kazi yako ni kichwa cha mwenzio na mdomo wako, unadhani nani ataacha kuuliza? Mteja wa kwanza alimtania tu: "Naona siku hizi na wewe unaota moto kama bosi." Hapo kinyozi angecheka akasema hilo ni pambo, mambo yakaishia hapo. Lakini mdomo ulimtangulia. "Sasa baridi yote hii tungeishije?" akasema, na akaona kwenye kioo jinsi mteja alivyomtazama kwa heshima mpya. Utamu wa kutazamwa vile ukamlevya. Wiki hiyohiyo akawa anaeleza aina za kuni, ipi inarusha cheche, ipi inanukia. Wageni wakija nyumbani anawaambia meko yako chumba cha ndani, cha familia, na nani atajipeleka chumba cha ndani cha watu? Mkewe akawa anapika chai huku anauma midomo. Kuna siku mgeni alimuuliza kama moto hausumbui macho, akajibu, "Wa kwetu hausumbui kabisa," akaingia jikoni akafunga mlango.

Haya, mtaani ni mtaani. Kosa kubwa ni kwamba aliupeleka uongo huo nyumbani kwao, kwa simu. Baba yake alikuwa mzee wa maneno machache, dereva wa malori mstaafu, ukimpigia anakuuliza mvua imenyesha, watoto hawajambo, haya, anakata. Siku kinyozi alipomwambia kuhusu meko, mzee hakukata. Aliuliza yana ukubwa gani, moshi unapita wapi, nani anayewasha. Kinyozi akamjibu yote. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima aliongea na baba yake mpaka sikio likapata joto, na tangu hapo kila akipiga wanaanzia kwenye moto.

Kisha mzee akaugua. Si ugonjwa wa kulazwa, ni ule wa kupungua kidogo kidogo. Akapiga simu mwenyewe, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho, akasema, "Nataka nije kwako msimu huu wa baridi. Nikae hapo mbele ya moto wako."

Kinyozi alikuwa na mkasi mkononi. Akasema dohani imeziba, inasafishwa. Mzee akapiga tena, akaambiwa mama watoto kasafiri. Akapiga tena, akaambiwa barabara ni mbovu, subiri baba, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Hakwenda. Usiulize kwa nini hakujenga dohani ya kweli wakati huo, mkewe alishauliza mpaka akachoka. Jibu lilikuwa moja, na ukilisikia utacheka kwanza halafu utasikitika: utajengaje dohani kwenye nyumba yenye dohani? Majirani watasemaje? Mzee akaacha kuomba. Baridi haijaisha, akafa kitandani kwake, na mazishini watu wakamshika kinyozi mabega wakimwambia ajikaze, alikuwa mtoto mzuri. Kila mkono uliomgusa bega aliona kama unamchoma. Hakumwambia mtu.

Msimu wa baridi uliofuata ndipo dada yake alipopiga. Dada huyo ndiye anayeishi jirani na wazazi, ndiye aliyebeba yote, na hana muda wa salamu ndefu. "Mama miguu inamsumbua. Nimemwambia ahamie kwangu, kakataa. Anasema anakuja kwako, kwako kuna moto. Nampakia kwenye basi mwisho wa mwezi. Usiniambie dohani imeziba."

"Aje," kinyozi akasema. Angesema nini?

Akakata simu akakaa kwenye kiti cha wateja. Alijua mama akifika akakuta hakuna meko, atauliza kuhusu zile safari zote ambazo baba yake alizuiwa kuja. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Mtaa umcheke, sawa, atazoea. Lakini mama ajue kwamba mumewe alizungushwa mpaka akafa kwa sababu ya kasha la mbao, hapana. Akaapa mama atakuta moto unawaka kama vile umewaka miaka yote.

Fundi alimtafuta mbali, upande wa pili wa mji, asije akawa anajuana na watu wa mtaani. Alikuwa fundi wa dohani hasa, hana kazi nyingine, na kila mtu alimwita Masizi. Usidhani ni mtu mnyenyekevu wa kuvua kofia mlangoni. Ni jibaba la tumbo na sauti, linaloimba likipima, na kabla hujamkaribisha kiti ameshakuonyesha picha za dohani zake kwenye simu kama mtu anayeonyesha wajukuu. "Hii ya daktari mmoja. Hii ya mjane, anawasha mpaka mchana. Hii tazama ilivyonyooka, tazama tu."

Kinyozi, badala ya kumweleza ukweli fundi aliyemwita mwenyewe, akamdanganya na yeye. Mazoea mabaya! "Dohani ipo tayari juu," akasema. "Wewe ni kuiunganisha tu na chini. Ujenge meko hapa, basi."

Masizi akatazama ukuta wa chumba cha ndani, mweupe, hauna hata alama. "Na zamani meko yalikuwa wapi?"

"Palikuwa na... yaliondolewa."

"Yaliondolewa," Masizi akarudia. Mkewe kinyozi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaliweka mezani bila kumtazama mumewe. Masizi akanywa chai, akaomba ngazi.

Ilikuwa saa za asubuhi watu wako nje. Jirani wa ng'ambo, mama mwenye duka la vitambaa, alikuwa anaanika nguo. Wazee wawili walikuwa wamesimama barabarani wanazungumza. Masizi akapanda mpaka kwenye ile dohani, akaigonga kwa kidole, ikalia kama debe. Akachungulia juu yake. Akagonga tena. Halafu, kwa sauti ile ile anayoimbia, akaita chini, "Mzee, hii haina tundu."

Kinyozi akasema kwa chini, "Shuka tuongee."

"Nasema haina tundu. Ni kasha. Moshi ulikuwa unapitia wapi?"

Jirani wa ng'ambo akashika shuka lake mikononi bila kulitundika. Wale wazee wakainua vichwa. Kinyozi alisimama chini ya ngazi, ameishikilia kana kwamba ndiyo itakayoanguka, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuthubutu kugeuka kutazama barabarani. Alisikia mmoja wa wale wazee akikohoa, kisha nyayo zikaondoka polepole, watu wanaojitahidi wasionekane wanaondoka.

Masizi aliposhuka akamwona uso, akashusha sauti. "Ungeniambia mapema, kaka. Mimi ni kama daktari, nimeona mengi." Lakini alikuwa bado anatabasamu kwenye pembe za mdomo, na kinyozi akamchukia siku nzima.

Kesho yake akaenda kazini kama mtu anayekwenda kusomewa shitaka. Alijiandaa kwa utani, alijiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyesema neno. Wateja walikaa, wakafungwa kitambaa shingoni, wakazungumzia mpira, bei ya mafuta, mguu wa nani umevunjika. Moto hakuna aliyeugusa. Kimya hicho kilimtafuna kuliko kicheko. Mwisho alipobaki na mteja mmoja, mwalimu mstaafu anayenyoa kwake tangu afungue duka, akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, umesikia habari ya dohani yangu?"

"Nimesikia nini?" mwalimu akasema, macho yamefumbwa.

"Kwamba ilikuwa ya uongo."

Mwalimu akafumbua jicho moja. "Kinyozi, wewe unakaa mji wa baridi. Asubuhi dohani zote zinatoa moshi, yako haijawahi kutoa hata siku moja. Ulidhani tuna macho ya nini?" Akalifumba tena. "Tulijua mwaka ule ule. Mke wangu alisema tusikuulize, si jambo la kumvunjia mtu heshima. Nipunguzie hapa nyuma ya sikio."

Kinyozi akapunguza nyuma ya sikio. Kiganja alikiegemeza kwenye kichwa cha mwalimu. Miaka yote ile ya kueleza aina za kuni, watu walikuwa wanamsikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayejifanya dereva. Wakaitikia kwa adabu, wakaenda zao. Sasa basi, alimdanganya nani? Akapiga hesabu ya watu wote, na waliosadiki kweli aliwapata wawili tu, nao walikuwa mbali wasikoweza kuona paa. Baba yake na mama yake.

Kazi ikaenda. Masizi alibomoa ukuta, akachimba msingi wa dohani upande wa nje, akapandisha matofali ya kuchoma safu kwa safu, ndani anasawazisha kwa mkono mpaka pateleze, maana masizi, alisema, yanapenda kushika penye makovu. Alimfundisha kinyozi kwamba pale juu ya meko panabanwa kidogo kama koo, ndipo moshi uvutwe kwenda juu usirudi kukaa na wageni. Kwenye paa aliziba kwa bati lililokunjwa mvua isipite, na akaipandisha dohani mpaka ikapita kilele cha paa. Lile kasha la zamani aliling'oa kwa teke moja. Mkewe kinyozi alitoka nje kulitazama linavyoanguka. "Miaka yote nimelinda kitu chepesi hivyo," akasema, akarudi ndani.

"Usiwashe moto mkubwa haraka," Masizi aliagiza. "Anza na vijiti, siku baada ya siku, ikauke." Kinyozi akafuata kama mtu anavyokunywa dawa. Kisha akafanya jambo ambalo Masizi hakumwagiza. Alichukua makaa yaliyozimika, akayasugua kwenye matofali ya ndani ya meko, akayasugua kwa kitambaa cha dukani mpaka yakawa meusi, yaonekane yamezeeka. Mkewe akamkuta amepiga magoti, mikono mieusi mpaka viwikoni.

"Baba watoto, bado tu?"

"Ni kwa ajili ya mama. Akijua itamuumiza."

"Itamuumiza nani?" mkewe akasema. Akamletea maji na sabuni hata hivyo.

Mama alifika na mfuko mmoja na fimbo. Alizunguka nyumba polepole, akashika mapazia, akamsifu mkwewe kwa usafi, na alipofika chumba cha ndani akasimama mbele ya meko muda mrefu. Jioni kinyozi akawasha. Moto ulishika vizuri, moshi ukapanda moja kwa moja, hakuna hata uliopepesuka kuja chumbani. Sifa ya Masizi ilikuwa ya haki. Mama akanyoosha miguu, akapandisha gauni kidogo magoti yapate joto, na kinyozi akakaa kwenye zulia karibu naye. Kwa mara ya kwanza tangu simu ya dada yake, akahisi anaweza kupumua.

"Moto mzuri," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siku zote unawaka hivi?"

"Siku zote." Lilimtoka lenyewe.

Mama akatikisa kichwa taratibu, akiangalia yale matofali meusi. "Ni kama alivyokuwa ananisimulia. Alikuwa anajua kila kitu, mpaka kuni za kuanzia." Akamgeukia kinyozi. "Mwanangu, nimekuja kuota moto, lakini nimekuja na swali pia. Dada yako alinikataza. Mimi nimezeeka, siwezi kulibeba tena. Baba yako alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mama."

"Mimi nilimwambia watoto wa siku hizi wana shughuli. Akasema hapana, huyu hanitaki nyumbani kwake. Nikambishia mpaka mwisho, nikamwambia labda moto wenyewe haupo, labda una kasoro. Sasa nauona upo, hauna kasoro, na nyumba ni kubwa. Kwa hiyo yeye ndiye aliyesema kweli. Niambie tu alikukosea nini, nijue."

Hapo kinyozi akaona alichokifanya. Kila tofali alilolipandisha kujificha, kila masizi aliyoyasugua kwa mkono wake, vilikuwa vimesimama pale vikimshuhudia mama kwamba moto ulikuwapo na baba alinyimwa. Angeweza kunyamaza, akabaki mtoto aliyemkataa baba yake.

"Mama, moto haukuwapo."

Mama akamtazama, akatazama meko.

"Haya yamejengwa mwezi huu. Juu palikuwa na pambo tu, kasha. Nilimdanganya baba, na alipotaka kuja niliona aibu. Haya meusi nimeyapaka mwenyewe juzi, usijue." Alisema yote kwa pumzi moja, kichwa chini, mtu mzima mwenye mvi, na machozi yakamdondokea magotini. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na blanketi la mama mkononi. Hakuingia.

Kinyozi alingoja. Ndani ya aibu yake yote kulikuwa na tumaini dogo, kwamba sasa mama atapoa, maana angalau amejua mumewe hakuchukiwa.

"Chumba kilikuwapo?" mama akauliza.

"Kilikuwapo."

"Na kitanda cha kulala mgeni?"

"Kilikuwapo, mama."

"Na wewe ulikuwapo." Mama alivuta gauni akafunika magoti. "Baba yako alikuwa na blanketi, mwanangu. Alikuwa na jiko la mkaa, na dada yako alikuwa anamletea maji ya moto. Hakukosa joto. Wewe ulimsikia lini akisema amemkumbuka mtu? Hakujua neno hilo linasemwaje. Basi akasema moto."

Mama akageukia meko, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya moto, akakaa hivyo. Baadaye akasema ukuni mmoja umeanguka pembeni, ausogeze, na kinyozi akausogeza.